Namba ya Sandukuni

Barua iliyonifikia juma hili imetoka kwa mwenye mashua ya kubebea wageni katika hori la Mtwapa. Anauliza anunue amplifaya ya wati ngapi ili ilingane na sabwufa mbili alizoletewa na nduguye kutoka Dubai. Swali lake limenikuta Voi, mbali na bahari kiasi cha kilomita 150, na kwa bahati nilikuwa nimetoka tu kuchafua mikono kwa swali lilo hilo, ila chombo chenyewe kilikuwa na magurudumu. Basi nitamjibu kwa kisa cha matatu.

Mpwa wangu huendesha gari la abiria 14 baina ya Voi na Wundanyi, kupitia Mwatate. Gari si lake peke yake: nusu ya fedha zilizolinunua zilitoka katika chama cha mamake, ambaye ni dada yangu mkubwa, na deni bado halijesha. Katika muda wa miezi mitano kijana ameunguza spika tatu za besi za inchi 12. Kila moja ilipoungua muuzaji alimwambia neno lile lile, kwamba spika ni ndogo kwa mashine yake ya wati 3000, anunue iliyo kubwa zaidi. Dada alipoona hesabu ya mwezi imepungua kwa mara ya tatu alinipigia simu. Hakuniuliza habari za muziki. Aliniuliza, "Ndugu yangu, gari hili linalipa deni au linalipa kelele?"

Nililolitazama kwanza si spika, wala si sanduku lililochapishwa 3000, bali fyuzi zilizopachikwa ubavuni mwa amplifaya. Zilikuwa mbili, kila moja ya ampia 30. Injini ikinguruma, umeme wa gari huwa volti 14 hivi. Zidisha 60 kwa 14 upate 840. Hizo ndizo wati ambazo mashine ile yaweza kuzinywa kwa mfululizo pasipo fyuzi kukatika, na mashine ya aina ile hugeuza kiasi cha sehemu sita katika kumi kuwa sauti, zilizobaki zikawa joto la kuchoma kiganja. Zinabaki wati 500. Kijitabu chake, ambacho hakikuwahi kufunuliwa, kilisema vivyo hivyo: wati 150 za kudumu kwa kila upande kwa spika ya omu 4, wati 250 kwa omu 2, na wati 500 pande mbili zikiunganishwa kuwa moja, kwa sharti la omu 4, si chini ya hapo. Zile 3000 zilikuwa za sandukuni tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mtwapa, usiulize wati. Uliza wati za kudumu, za spika na za amplifaya pia, na mbili hizo ndizo za kulinganisha. Wati za kilele, ambazo chombo huzitoa kwa kupepesa jicho, ni za kuuzia.

Kosa la pili lilikuwa katika kuunganisha. Spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya haizioni kuwa omu 4 bali omu 2. Fundi aliyezifunga alikuwa ameunganisha pande mbili za mashine kuwa moja, kisha akaitwika omu 2 ambazo kijitabu kimekataza. Ndiyo sababu ilikuwa ikizimika yenyewe pale mlima unapoanza, ikapoa, ikaamka tena, na mpwa wangu akidhani ni jini wa Wundanyi.

Kosa la tatu ndilo lililoziua spika, nalo wengi hawaliamini nikiwaeleza. Waya uliotoka kwenye betri hadi nyuma ya gari ulikuwa mnene kwa macho, lakini unene wote ulikuwa wa plastiki. Ndani mlikuwa na nyuzi chache za alumini zilizopakwa shaba juu. Nilipopima besi ikipiga, betri ilikuwa na volti 13.8 na amplifaya inapata 10.9. Kijana, kwa kusikia sauti imelegea, alikuwa ameizungusha skurubu ya geini hadi mwisho akidhani ni ya kuongezea nguvu. Si kazi yake hiyo. Geini hulinganisha tu sauti inayotoka kwenye redio na uwezo wa amplifaya kuipokea. Ikizidishwa, wimbi la sauti lenye kilele cha mviringo hugonga dari ya umeme uliopo, likakatwa kichwa na kubaki bapa. Wimbi lililokatwa hivyo laweza kubeba hata mara mbili ya nguvu ya wimbi safi lenye kimo hicho hicho, na nguvu hiyo yote huishia kwenye koili kama joto. Spika ya wati 300 za kudumu ikaunguzwa na mashine ambayo kwa karatasi ilikuwa ikiigawia 250.

Matengenezo hayakuhitaji spika mpya zaidi ya ile iliyokufa. Kila spika nimeifunga upande wake, omu 4 kwa wati 150. Waya nimeubadilisha kwa shaba halisi ya milimita 25 za mraba, na fyuzi ya ampia 60 nimeiweka karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka popote njiani usiwashe moto chini ya viti vya watu. Kisha nikazifungua spika, nikapiga toni ya hezi 50, nikapandisha geini polepole hadi mita iliposoma volti 24 na nusu, yaani kipeuo cha pili cha 150 mara 4. Hapo nikaitia skurubu tone la rangi ya kucha ya dada, asiiguse mtu.

Kijana alilalamika kwamba nimempunguzia kutoka 500 hadi 300. Tofauti hiyo kwa sikio haifiki hata desibeli tatu. Abiria wa Mwatate hawakuona badiliko lolote, ila mmoja aliyesema kwamba leo maneno ya nyimbo yanasikika.

Mashua ina shida zake. Gari ni chumba kilichofungwa na besi hujazana humo; juu ya maji hutawanyika, hivyo wati zizo hizo zitasikika chache. Tafuta shaba iliyopakwa bati, maana chumvi huila shaba tupu. Na usithubutu kuuwasha muziki kwa betri ya kuwashia mashine. Tuseme amplifaya inakula ampia 40 na mashine yako ya nyuma inachaji 12: kila saa unadaiwa 28, na betri ya 100, ambayo haifai kunywewa zaidi ya nusu, imekwisha kabla ya saa mbili. Huko nje hakuna wa kukusukuma. (Huku kwetu mashua tulizonazo ni mitumbwi ya wavuvi wa Ziwa Jipe, wala sijaona aliyetamani kumpigia kiboko besi.)

Limebaki moja, nalo halikuwa katika barua. Nilipokaa kiti cha dereva, simu yangu, ambayo si kipimo cha mahakama, ilisoma desibeli 100. Wataalamu wa afya ya kazini huruhusu 85 kwa saa nane, na kila zikipanda tatu muda hupungua nusu. Kwa 100 ni robo saa. Safari moja ya Wundanyi inazidi hapo, na mpwa wangu huenda mara nne kwa siku. Dada ananiambia siku hizi akimwita kutoka jikoni haitiki mpaka amwone. Nimeshusha sauti ya redio na kumwandikia kiwango kwa kalamu kwenye dashibodi. Jumatatu gari litalala gereji, na mamake atampeleka kupimwa masikio.