Kosa moja, trafiki watatu, majibu matatu

Leo naomba nitoe dukuduku langu la siku nyingi kuhusu hawa ndugu zetu wa nguo nyeupe. Naandika nikijua kuna watakaosema huyu kijana kapigwa faini ndiyo maana anabwata. Hapana. Faini kama faini sina ugomvi nayo. Anayepita taa nyekundu apigwe. Anayeshindwa kusimama kwenye kivuko wakati watoto wa shule wanasubiri kuvuka apigwe, tena ikiwezekana mara mbili. Barabara zetu zinaua watu, na yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kwenda Mbeya au Singida akaona mabaki ya magari kandokando ya njia haitaji kuelezwa.

Kinachonikera ni kingine. Kosa ni lile lile, barabara ni ile ile, siku ni ile ile, lakini majibu yanabadilika kutegemea umekutana na nani, na zaidi ya hapo, wewe ni nani.

Chukua mfano mdogo kabisa. Taa ya breki ya upande mmoja imeungua. Trafiki wa kwanza anakusimamisha, anaangalia leseni, anakwambia, "Kijana, kanunue balbu hiyo," anakuruhusu. Unaenda kilomita chache, wa pili hataki hata salamu, anakuandikia. Ukikutana na wa tatu ndiyo balaa. Huyu anaizunguka gari kama mnunuzi. Anataka kuona mtungi wa kuzimia moto, anataka pembetatu mbili, anakwambia washa waipa, anapiga teke tairi, anauliza stika ya Nenda kwa Usalama. Mwisho anakuja dirishani kwa upole wa ajabu: "Una makosa matatu hapa bosi wangu, hiyo ni elfu tisini. Sasa sijui unanisaidiaje na mimi nikusaidie."

Balbu ni ile ile moja.

Watu wengi wanaishia kusema huyo wa tatu ni mla rushwa, habari imekwisha. Mimi naona tukiishia hapo tunamkosa mchawi mwenyewe. Hebu tuangalie faini ilivyo. Hii faini ya papo kwa papo tuliyoizoea kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Haikuwa na ngazi. Ukikamatwa na mwendo wa 56 sehemu ya 50 ilikuwa 30,000, ukikamatwa na 110 mbele ya soko ilikuwa 30,000 hiyo hiyo. Sasa askari akiona kosa ni dogo na 30,000 ni nyingi, angefanya nini? Hakuwa na kosa la 5,000 wala la 10,000 la kukuandikia. Alikuwa na mambo mawili tu, aandike au aache. Na akiona wewe ni jeuri, au ana shida zake siku hiyo, anaongeza idadi ya makosa. Kupanda na kushuka kwa adhabu kunafanyika kichwani mwa mtu mmoja aliyesimama juani, na hakuna karatasi yoyote inayobaki kueleza kwa nini jirani yako kaachwa na wewe umelipa 90,000. Ukimpa binadamu yeyote, hata mimi, mamlaka ya namna hiyo kando ya barabara, umeshafungua genge la kupatana bei.

Serikali yenyewe iliwahi kukiri kwa vitendo kwamba kiwango kimoja hakimtoshi kila mtu. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Safi sana. Lakini walichofanya ni kutofautisha chombo, uzito wa kosa ukabaki pale pale.

Wenzetu Kenya walipotunga kanuni zao za makosa madogo ya barabarani mwaka 2016 waliuweka mwendo kwenye ngazi. Ukizidisha hadi kilomita 5 kwa saa unapewa onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za kwao, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Sisemi trafiki wa Nairobi ni malaika, aliyewahi kupanda matatu anajua konda anavyokunja noti. Ila walau dereva wa kule ana karatasi ya kuonyesha kwamba kosa lake linastahili hiki na si kile. Mimi nikisimamishwa Kibaha nitaonyesha nini?

Sasa nije kwenye lile la "wewe ni nani", maana ndilo linaloniuma zaidi.

Kuna siku tulikuwa tunarudi kutoka mkoani kikazi, mimi, mpiga picha na dereva wa ofisi, mzee mmoja mstaarabu sana. Tukapigwa tochi. Kwa msiyejua inavyokuwa, mwenye tochi hakai pale unaposimamishwa. Anakuwa nyuma huko, mara kwenye kichaka mara chini ya mwembe, anapiga picha na kuituma kwa simu kwa mwenzake wa mbele. Basi tukaonyeshwa picha, 68 kwenye 50, haina ubishi. Mzee akaanza, "Afande, tunaomba utuelewe..." Kabla hajamaliza, afande akaona kamera kwenye kiti cha nyuma. "Ninyi ni waandishi?" Tukajibu ndiyo. Akacheka kidogo, akarudisha leseni. "Nendeni, ila punguzeni mwendo."

Nyuma yetu lilikuwa limesimamishwa Fuso la vitunguu. Dereva wake alikuwa ameshashuka, leseni mkononi, ana 61. Mwendo wake ulikuwa chini ya wetu. Huyo anaandikiwa. Akatusogelea dirishani, akauliza kwa heshima zote, "Samahani wakubwa, ninyi wamewatoza ngapi?"

Mzee wetu hakumjibu. Aliwasha gari, tukaondoka, na kwa muda mrefu hakuna aliyezungumza mle ndani. Yule dereva ile 30,000 haitoki kwa tajiri wake. Inatoka kwenye posho yake ya safari, pesa aliyokuwa ale nayo njiani na inayobaki apeleke nyumbani. Na kikubwa zaidi, ameondoka pale akiwa amefundishwa kitu, na alichofundishwa hakihusiani na mwendo hata kidogo.

Orodha ya wanaopita bila kuguswa mnaijua kuliko mimi. Angalia foleni ya Kimara asubuhi. Njia ya mwendokasi inajulikana ni ya mabasi, toka ianze kutumika 2016. Bodaboda akiingia anakimbizwa hadi vichochoroni. Lakini kaa pale dakika kumi uhesabu mashangingi ya STK yanayopita, na hakuna king'ora wala mgonjwa ndani. Trafiki yupo pale pale, anaangalia upande wa pili. Namba yako ikiwa ya njano na gari lenyewe ni IST ya mwaka 2004, hata wazo hilo huna.

Halafu kuna ugonjwa wa simu. Mtu anasimamishwa, badala ya kutoa leseni anabonyeza namba, anamnyooshea askari simu dirishani: "Ongea na mkubwa hapa." Nina jirani yangu mtaani ni trafiki, tunaheshimiana, ananiita mdogo wangu. Nilimuuliza siku moja kwa nini hawakatai. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikiipokea nimekwisha, nisipoipokea nimekwisha. Nikimwachia huyo mtu, wenzangu wanajua nimekula. Nikimwandikia, kesho napangiwa lindo la mahali usikokujua." Sikuwa na la kumjibu. Mtu anasimama toka saa kumi na moja alfajiri, anameza moshi wa malori, halafu sheria inamtaka awe jasiri kuliko bosi wake.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2016, Rais Magufuli alipozungumza na wazee wa Dar es Salaam akaagiza apandishwe cheo trafiki aliyemsimamisha mke wa waziri na akatukanwa kwa kufanya hivyo? Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata mimi nilifurahi, wakati huo niko shule. Nikilitazama leo, naona jambo lile lilitueleza zaidi ya tulivyotaka kusikia. Askari alifanya kazi anayolipwa kuifanya kila siku, na ikahitaji Rais wa nchi asimame jukwaani ili kazi hiyo isimponze. Trafiki wangapi walisimamisha wake wa wakubwa na Rais hakupata habari zao?

Matokeo ya haya yote unayaona ukikaa kiti cha mbele cha gari lolote linalotoka mjini. Madereva wetu hawasomi barabara, wanasoma trafiki. Wanawashiana taa kupeana taarifa za tochi. Wanajua kichaka gani kina mtu, saa ngapi wanabadilishana zamu, nani mkali na nani "anaongea". Nimeona kwa macho yangu gari linatambaa 45 likipita kwenye mtego, likishavuka tu linapandisha hadi 90, na shule ya msingi iko mbele ya mtego. Mabango nayo yanasaidia kuharibu. La kuanzia 50 utaliona, la kumalizia hulioni, limeshakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Dereva anabaki anakisia, na hiyo kisia yake trafiki mmoja anaikubali, mwingine anaiandikia.

Mtaniambia, lakini si sheria inakuruhusu kukataa faini na kwenda mahakamani? Ni kweli inaruhusu. Sasa mtu wa Tandika aliyeandikiwa nje ya Dar, apande basi kurudi huko siku ya kesi, aache biashara, pengine iahirishwe arudi tena, kwa ajili ya kubishania 30,000? Nauli peke yake itamshinda. Atalipa, atalaani, atasahau. Na wanaomwandikia wanajua hivyo.

Wengine wanasema dawa ni mashine. Rwanda wameweka kamera barabarani, wananchi wakazibatiza jina la Sofia, na Sofia hapokei simu ya mkubwa. Mabasi yetu ya mikoani nayo yamefungwa kifaa cha LATRA kinachofuatilia mwendo. Naziunga mkono mashine, ila tusijidanganye. Tochi pia ni mashine. Inapiga picha ya kila mtu bila kumuuliza kazi yake, na sisi tuliona picha yetu ikiwa na 68 waziwazi. Kati ya picha ile na karatasi ya faini kulikuwa na mtu, na mtu huyo ndiye aliyeamua.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji kamera mpya. Kwanza onyo liingizwe kwenye mfumo kama faini inavyoingizwa, likiwa na namba ya gari, saa, mahali na sababu. Trafiki wa kwanza akinionya kuhusu balbu saa mbili asubuhi, wa pili akiingiza namba yangu aone kwamba nimeonywa na nimepewa hadi kesho. Picha ya tochi ikishapigwa isifutike bila mtu kuandika jina lake na kwa nini. Hapo ndipo yule aliyetuachia sisi na kumwandikia mtu wa Fuso angelazimika kuandika kwenye mashine: "Nimewasamehe kwa sababu ni waandishi." Nadhani mkono ungemtetemeka.

Pili ni takwimu. Kila mwaka tunatangaziwa makosa mangapi yamekamatwa na mabilioni mangapi yamekusanywa. Sisi wa magazeti tunaandika kama tulivyopewa, hatuulizi zaidi. Mimi nataka zigawanywe kwa aina ya namba: magari binafsi mangapi, ya biashara mangapi, STK mangapi, SU mangapi, ya polisi wenyewe mangapi. Data hizo zipo, maana faini haiandikwi bila namba ya gari. Kama kuna mtu wa Kikosi cha Usalama Barabarani anasoma hapa, nitumie jedwali hilo la mwaka mmoja tu, nitalichapa hapa hapa bila kugusa hata tarakimu moja.