MASHINE ISIYOPIMWA ISISHIKWE



Mtu akipigwa na stima kazini, neno la kwanza tunaloambiwa na wenye viwanda ni hili: "Ajali haina kinga." Labda ni kweli kwa mambo mengine. Kwa drili, pasi na pampu ya maji si kweli. Mashine ya stima ina kinga, nayo yajulikana: ni kupimwa na fundi na kuandikwa katika kitabu. Kinga ikiwapo na mwenye kiwanda asiitumie, hiyo si ajali tena, ni uzembe.

Tutazame jambo lenyewe. Stima ya kawaida hapa Kenya ni volti 240. Stima ya miliampea 30 tu ikipita mwilini yaweza kumkaza mtu misuli asiweze kuachia alichoshika. Ikizidi hapo na kupita kifuani, yaweza kuusimamisha moyo. Sasa fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Mtu atakufa na fyuzi iko nzima. Fyuzi peke yake hulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Kinachomlinda mtu ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ambao huipeleka ardhini stima iliyovuja hata fyuzi ikakatika. Pamoja nao ni ile swichi inayojizima yenyewe mara stima inapovuja.

Shida ni kwamba waya wa ardhi ukikatika hakuna anayejua. Mashine yazunguka vile vile, na nyapara asema, "Mbona inafanya kazi?" Ndiyo, inafanya kazi, mpaka siku waya mwingine utakapogusa chuma cha mashine na mtu mwenye mikono iliyolowa akaishika. Macho peke yake hayatoshi. Fundi hutazama kwanza plagi na waya. Kisha hupima kama waya wa ardhi umeshika toka plagi mpaka kwenye chuma. Mwisho hupima kama mpira wa waya hauvujishi stima. Kwa mashine moja ndogo, hiyo ni kazi ya dakika chache. Basi hatukubali kuambiwa kwamba nafasi hakuna.

Wala hatuombi hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mashine zilizo salama na kuzitunza zibaki salama. Yataka mahali pa kazi pakaguliwe walau mara moja kila miezi 12. Palipo na watu 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Tena kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwambie msimamizi wake, na asilazimishwe kuirudia hatari hiyo kabla haijaondolewa.

Wako wanaosema, "Akiumia atalipwa." Ni kweli, sheria ya fidia ya mwaka huo huo wa 2007 imeweka mishahara ya miezi 96 kwa jamaa za aliyekufa kazini. Lakini miezi 96 ni miaka 8. Mtoto anayeingia darasa la kwanza mwaka baba yake anapozikwa, fedha hizo zitakwisha kabla hajamaliza shule. Sisi twataka baba mwenyewe arudi nyumbani jioni.

Tuseme na upande wetu pia. Wako wenzetu wanaochomeka nyaya mbili tupu katika soketi na kuzikaza kwa kijiti cha kiberiti, na wengine hung'oa mguu wa tatu wa plagi ili iingie. Sheria yatukataza kuharibu vyombo vya usalama. Tukifanya hivyo twampa tajiri sababu ya kutulaumu, na atakayepigwa si tajiri.

Basi kila tawi lifanye mambo haya matatu. Kwanza, liulize kamati ya usalama iko wapi, na kama haiko, idaiwe kwa barua. Pili, lidai kitabu cha mashine zote, chenye tarehe ya kupimwa na jina la fundi mwenye leseni, nacho kiwe wazi kwa mfanya kazi yeyote, hata kibarua wa siku moja. Tatu, mashine yenye waya uliochubuka au chuma kinachowasha mkono izimwe, ifungwe karatasi ya onyo, na msimamizi aambiwe mbele ya shahidi.

Mmoja akikataa peke yake ataitwa mkaidi. Tukikataa wote, fundi ataitwa siku hiyo hiyo.

Umoja ni Nguvu.