Kabla ya maghorofa ya ufuoni, uliza udongo umepimwa na nani

Kijana wa pwani, siku moja utaonyeshwa picha: maghorofa meupe kando ya bahari, maduka chini, nyumba juu, watoto wanaendesha baiskeli. Mahali penyewe leo ni jaa la taka au karakana kuukuu. Utaambiwa ni maendeleo, na ukiuliza swali utaambiwa wewe mpinga maendeleo. Kabla hujapiga makofi, hebu soma yaliyotokea Hunters Point.

Hunters Point iko San Francisco, Marekani, ukingoni mwa bahari. Majirani zake wengi walikuwa Wamarekani weusi waliokuja kufanya kazi kwenye karakana ya meli za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946, baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kule Bikini, meli zilizochafuliwa na miale zililetwa hapo kusafishwa. Jeshi la wanamaji likaweka na maabara yake ya nyuklia hapo hapo, hadi 1969. Karakana ikafungwa 1974. Mwaka 1989 serikali ikapaingiza kwenye orodha ya maeneo yaliyochafuka vibaya zaidi nchini.

Mpango uliofuata ulipendeza kwenye karatasi: safisha kipande kwa kipande, kisha jenga maelfu ya nyumba, maduka, ofisi na bustani. Kazi kubwa ya kupima miale na kusafisha ilipewa kampuni ya Tetra Tech EC, na mlipaji alikuwa jeshi lile lile lililochafua. Sasa sikia. Wasimamizi wawili wa kampuni hiyo walikiri mahakamani kughushi. Udongo safi ulichotwa kwengine, ukaandikwa umetoka pale penye shaka. Mwaka 2018 wakahukumiwa miezi 8 jela kila mmoja.

Kufikia hapo watu washanunua nyumba kileleni na washahamia, kwenye kipande kilichotangazwa salama kitambo. Mwaka huo huo wapimaji wa jimbo wakafukua karibu na nyumba hizo kifaa cha zamani cha meli chenye rediamu, ukubwa wa sarafu, chini ya futi moja ya udongo. Juzi tena, kipimo cha hewa cha Novemba 2024 kikaonyesha plutoniamu kupita kiwango kilichowekwa. Jeshi lasema marudio ya kipimo hayakuiona. Sawa, lakini mji uliarifiwa baada ya miezi 11!

Na waliofichua ule udanganyifu wa udongo hawakuwa wakubwa wa ofisini. Ni wafanyakazi wa pale pale, na wakaazi waliokataa kunyamaza.

Hatusemi pasijengwe. Kuacha uchafu ukae pia ni dhulma, maana anayeuvuta kila siku ni maskini jirani. Tunachouliza ni: nani amepima, analipwa na nani, na majibu yako wapi?

Swali hili si la Wamarekani peke yao. Kibarani ilikuwa jaa la taka ukingoni mwa maji kwa miaka mingi kabla ya kufungwa na kupandwa miti. Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, wazazi walijua habari ya madini ya risasi kutoka kwa damu ya watoto wao, si kutoka kwa ripoti ya kiwanda. Kesi yao ilifika hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hivyo siku ya mkutano wa maoni, usiende kula soda na kutia sahihi. Itisha tathmini ya athari kwa mazingira, yote, si muhtasari. Uliza mashimo mangapi yalichimbwa, urefu gani kwenda chini, na sampuli zilipelekwa maabara ipi. Omba wakaazi wachague mpimaji wa pili. Wakikunyima, andika barua ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba, haki ya kupata habari, na uweke nakala yenye muhuri. Na wakikwambia "wewe umeumia wapi?", wasomee Kifungu cha 70: anayekwenda mahakamani kutetea mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu tayari ameumia.