Bastola Ndogo na Fedha za Karafuu



Katika mkutano wetu uliopita, baada ya kumaliza khabari za majamvi na ujira wa wachumaji, aliinuka mwenzetu mmoja akasema maneno yaliyotunyamazisha sote. Msimu uliopita mwenzetu huyo alikuwa anarudi kwake baada ya kuuza karafuu. Jua lilikuwa limekwisha kutua, na fedha zilikuwa mkobani. Vijana wawili walimtokea njiani, mmoja ana panga. Wakauchukua mkoba wote, na ndani yake ulikuwamo ujira wa wachumaji waliokuwa wakimngoja barazani. Ilimbidi auze ng'ombe wake wawili apate kuwalipa. Basi akaomba chama kiwasaidie wanachama kupata vibali vya kununua bastola ndogo, za kufichwa chini ya nguo, ili kila mtu atembee na yake wakati wa msimu. Wengi walipiga makofi.

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukupiga makofi, wala hatukumcheka. Mtu aliyeporwa jasho la mwaka mzima hachekwi. Tuliahidi kuitazama hoja yake kama tunavyotazama chombo chochote kinacholetwa shambani. Mkulima akiletewa ngazi mpya hatazami uzuri wa rangi yake. Hutazama itasimama wapi, itambeba nani, na ikivunjika itamwangukia nani. Na bastola nayo ni chombo, ipimwe vivyo hivyo.

Nchi ambayo watu wake wameizoea sana desturi ya kutembea na bastola iliyofichwa ni Marekani, na huko ndiko tulikotafuta mfano. Kwao bastola ya mfukoni si kitu kipya. Bwana Henry Deringer wa Philadelphia alizitengeneza katika karne ya 19, na kwa bastola yake moja ya namna hiyo, yenye risasi moja tu, aliuawa Rais Abraham Lincoln mwaka 1865. Siku hizi sheria zao zimelegezwa sana. Mwaka 2022 mahkama yao ya juu kabisa iliamua kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Na kufika mwaka 2024, majimbo 29 katika 50 yalikuwa hayamdai mtu mzima asiye na kosa kibali cha kuficha bastola mwilini. Kwa hiyo mafundi wa silaha wanashindana nani atatoa bastola iliyo ndogo zaidi na yenye risasi nyingi zaidi. Tumechagua namna nne zilizo maarufu, tuzilinganishe.

Ya kwanza ni Glock 19, asili yake Austria, iliyotoka mwaka 1988. Kiunzi chake ni cha plastiki ngumu, magazini yake huchukua risasi 15 za milimita 9, na uzito wake bila ya risasi ni gramu 670 hivi. Bastola hii si ndogo sana. Hujaa mkononi, vidole vyote hupata pa kushika, na teke lake ni la kadiri. Askari wengi huitumia. Ubaya wake ni kwamba inataka mshipi mgumu kiunoni, na chini ya shati jepesi huonekana kama mtu ameficha muhogo.

Ya pili ni SIG Sauer P365, ya mwaka 2018. Hiyo namba 365 ni siku za mwaka. Maana yake, ni bastola ya kuchukuliwa kila siku. Kabla yake, bastola za ukubwa huo zilichukua risasi chache: Smith & Wesson Shield ya mwaka 2012 ilichukua 7, na Glock 43 ya mwaka 2015 ilichukua 6. Hii ilikuja na risasi 10 za milimita 9, hali ni nyembamba na uzito wake ni gramu 500 hivi. Mwaka uliofuata Springfield Armory wakatoa Hellcat yenye risasi 11. Tangu hapo namna hii imekuwa ndiyo kipenzi cha Wamarekani wengi.

Ya tatu ni Ruger LCP, ya mwaka 2008. Uzito wake ni gramu 270 hivi tu, na huingia katika mfuko wa suruali. Magazini yake huchukua risasi 6, tena ni risasi fupi na dhaifu kuliko zile za milimita 9 tulizozitaja. Mpini wake hushikwa kwa vidole viwili, na alama zake za kulengea ni ndogo mno.

Ya nne ni bastola ya gurudumu, zile ndogo za Smith & Wesson ambazo ukoo wake ulianza mwaka 1950. Gurudumu lake huchukua risasi 5. Zile nyepesi uzito wake ni gramu 400 na kidogo. Wema wake ni usahili: haina magazini ya kukwama, na risasi moja ikikataa, mtu huvuta tena likaja tundu la pili. Ubaya wake ni kifyatulio kizito, mtutu mfupi, na kwamba zikiisha risasi hizo 5, kutia nyingine ni kazi ya polepole.

Sasa hukumu yetu. Ukizitazama nne hizi pamoja utaona kwamba kila kinachopunguzwa kwa ajili ya kuficha, hupunguzwa katika kulenga. Bastola ikiwa nyepesi, teke lake huzidi, kwa kuwa hapana uzito wa kulituliza. Mpini ukifupishwa, mkono hukosa pa kushika. Mtutu ukikatwa, alama mbili za kulengea hukaribiana, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa mbele. Kwa hiyo mtu anayetaka chombo bora kwa kazi hiyo, na aliye tayari kujifunza, angechukua ya kwanza au ya pili. Ile ndogo kabisa, ambayo ndiyo humvutia mtu asiyejua kwa sababu ni nyepesi na nzuri machoni, ndiyo inayotaka ujuzi mwingi kuliko zote. Twaona hili ni muhimu, kwa maana katika mkutano wetu kila aliyeunga mkono hoja ile alionyesha kwa kiganja chake bastola ya ukubwa wa kiberiti.

Lakini swali letu halikuwa bastola ipi ni bora. Swali lilikuwa: je, itamfaa mwenzetu katika njia ile, jioni ile? Hapa tuna mashahidi wawili, wote kutoka huko huko Marekani.

Wa kwanza ni askari Dennis Tueller wa Salt Lake City. Mwaka 1983 aliandika kwamba mtu mwenye kisu aweza kukimbia futi 21 katika muda wa sekunde moja na nusu, na kwamba askari aliyefundishwa huhitaji kama muda huo huo kuitoa bastola yake na kupiga. Futi 21 ni kama nafasi iliyo baina ya mkarafuu na mkarafuu. Wale vijana wawili hawakumpigia mwenzetu hodi kutoka mbali. Walitoka nyuma ya mti. Kabla hajaipapasa nguo yake, panga lingekuwa limekwisha kumfika. Na kijana aliyekuja kwa ajili ya fedha, akiona mkono unaingia kiunoni, huacha khabari ya fedha akashughulika na mkono.

Shahidi wa pili ni polisi wa mji wa New York. Uchunguzi wa shirika la RAND uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba baina ya mwaka 1998 na 2006, askari wa mji huo walipokuwa katika kupigana kwa risasi, katika kila risasi 100 walizopiga ni 18 tu zilizompata waliyemkusudia. Hata pale adui alipokuwa hapigi risasi, zilizopata ni 30 katika 100. Hao ni watu wanaopewa mafunzo na mshahara kwa kazi hiyo. Sisi mafunzo yetu ni kupanda, kuchuma, kuchambua na kuanika. Basi risasi nyingine zote zingekwenda wapi? Mashamba yetu si jangwa. Nyuma ya kila mti pana mchumaji, pembeni pana mtoto anayeokota mpeta, na nyuma ya ukuta wa udongo pana mtu anayepika.

Tena tuitazame bastola hiyo mwilini mwa mkulima. Wamarekani husisitiza kwamba bastola ya kufichwa lazima ikae katika ala ngumu inayofunika kifyatulio, na ala ifungwe katika mshipi mgumu. Sisi wengi wetu tu shambani na kikoi. Kikoi hakichukui hata kisu kizito bila ya kulegea, sembuse chuma cha nusu kilo! Akiitia mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kifyatulio kinaweza kuvutwa na kisichokusudiwa. Akipanda mti nayo, amepanda na hatari. Akiiacha chini ya mti, ameiachia watoto. Na jasho, unyevu na hewa ya chumvi ya kisiwa chetu hula chuma. Bastola isiyofutwa na kutiwa mafuta kila mara yaweza kukataa kazi siku ile ile unayoihitaji.

Na liko jambo zito zaidi ya hayo. Bastola haikai njiani tu, hulala nyumbani. Mwaka 2021 watu waliokufa kwa bunduki na bastola katika Marekani walikuwa 48,830. Katika hao, 26,328, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Hawakuuawa na mwizi. Waliuawa na saa moja ya huzuni iliyokuta silaha karibu. Nasi twajua saa hizo: mwaka ambao miti haikuzaa, deni limefika, na mtu hana la kuwaambia watoto wake. Saa kama hiyo hupita, na kesho jirani huja na neno jema. Risasi haingoji kesho.

Mtasema: Nyinyi mnaandika mezani, njia ni ndefu, kituo cha polisi ki mbali, na anayeporwa ni sisi. Hilo ni kweli, wala hatulikani. Mwenzetu hakukosea kusema kwamba hatuna ulinzi wa kutosha. Amekosea katika dawa tu. Mwizi hakuja kwa sababu mwenzetu hakuwa na bastola. Alikuja kwa sababu alijua siku ya kuuza, njia ya kurudi, saa ya kupita, na kwamba mtu ni mmoja na mkoba ni mmoja. Bastola haibadilishi hata moja katika hayo manne; huongeza kitu cha tano cha kuporwa, na kesho yake panga la mwizi limekuwa bastola.

Basi twaleta shauri letu mbele ya mkutano ujao. Kwanza, wanachama wa kijiji kimoja wapeleke karafuu zao siku moja, kwa gari moja, na warudi pamoja. Pili, siku hiyo isiwe ile ile kila juma, wala isitangazwe barazani. Tatu, atakayeweza alipwe kwa benki au kwa simu, na ujira wa wachumaji utumwe kwa njia hiyo hiyo. Asiyejua afundishwe na vijana wetu, nao wasione ni kazi ndogo. Nne, anayelazimika kuchukua fedha mkononi asipite njia ya mashamba baada ya magharibi. Heri alale kwa jamaa yake. Tano, chama kiende kwa sheha na polisi kuomba doria katika wiki za msimu, na ombi hilo tulitie sahihi sote, si mtu mmoja. Sita, mwenzetu aliyeporwa achangiwe. Ng'ombe wawili si kitu cha kuachiwa mtu mmoja wakati sisi tu chama.

Neno la mwisho ni kwa wazee walio na watoto Marekani. Huko sheria na maisha ni mengine, na kijana wenu akichagua kumiliki bastola kwa halali, hatuwezi kumwamulia. Mwambieni tu mambo matatu: asichukue ile ndogo kabisa kwa sababu ya wepesi wake, afundishwe na mwalimu wala asijifundishe peke yake, na akiwa nyumbani aifungie kwa ufunguo. Wala asijaribu kumletea baba yake zawadi ya namna hiyo. Nchini mwetu silaha bila ya kibali ni jela, na baba atakayefungwa atakosa msimu mzima.

Hoja hii itapigiwa kura. Kila mwanachama ana haki ya kutupinga, na ukurasa huu uko wazi kwake. Lakini kabla ya kuinua mkono, kila mmoja aitazame sakafu yake ya kuanikia karafuu saa ya alasiri, ahesabu watoto waliopo, kisha ajiulize risasi iliyomkosa mwizi itakwenda kumtafuta nani.