Ukibonyeza Kitufe, Usifumbe Macho

Siku hizi ukipita vyumba vya hosteli usiku, hukosi kumkuta mtu kainamia laptopu anatua ndege. Simuleta za urubani zimepata wapenzi wengi, na wala huhitaji kusubiri bumu, maana FlightGear inapatikana bure. Pamoja na mchezo umekuja ubishi. Wapo wanaosema kutua kwa ILS huku otopailoti imewashwa ni uvivu, eti rubani wa kweli anatua kwa mkono. Wengine wanajibu kwamba kitufe kimewekwa kibonyezwe, kujitesa kwa nini? Mimi naona kambi zote mbili zinagombania jambo dogo. Nani kashika usukani si hoja kubwa. Hoja ni nani anaangalia.

Kwa ambaye hajawahi kuujaribu, ILS ni mfumo wa redio unaomwongoza rubani kutua hata kama mawingu yamefunika kiwanja. Antena zilizo chini zinarusha mawimbi ya aina mbili. Ya kwanza ni lokalaiza, inayokuonyesha kama uko kushoto au kulia kwa mstari wa njia ya kutulia. Ya pili ni glaidislopu, yaani mteremko, ambao kwa kawaida ni nyuzi 3. Kila moja inabeba milio miwili, wa hezi 90 na wa hezi 150, na kipokezi ndani ya ndege kinalinganisha upi una nguvu zaidi. Ukiwa kushoto wa 90 unashinda, ukiwa kulia wa 150, na mshale unasogea. Kwa hiyo otopailoti haioni kiwanja. Haioni mvua wala ng'ombe aliyekatiza mbele. Inafuata mshale, basi.

Na kabla haijaufuata, kazi yote ni ya kwako. Uweke masafa ya kiwanja husika. Usikilize alama zake za Morse ili uwe na hakika umepata kiwanja chenyewe. Uhakikishe mshale unasoma redio, siyo GPS. Halafu uuingie mteremko kutokea chini, kwa sababu juu ya ule wa kweli kuna miteremko ya uongo iliyo mikali zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: ukiwa maili 10 za baharini kutoka njia ya kutulia, uwe takriban futi 3,000 juu ya kiwanja. Ukija na futi 5,000 ukabonyeza kitufe kwa matumaini, mashine haitakuuliza kitu. Ndiyo maana malalamiko mengi ya "otopailoti mbovu" yanatoka kwa watu ambao otopailoti iliwatii vizuri kabisa.

Jaribu hili usiku huu. Chukua Cessna 172 ya kwenye simuleta, iache ishike lokalaiza na mteremko, kisha punguza nguvu za injini kupita kiasi na usiguse kitu. Otopailoti ya ndege hiyo haiendeshi injini. Inachojua ni kubaki kwenye mteremko, kwa hiyo inainua pua kidogo kidogo. Mshale unakaa katikati, umetulia, unapendeza. Wakati huohuo mwendo unashuka: 90, 75, 60. Ukiutazama mshale peke yake utaapa kwamba mambo ni shwari, kumbe ndege inakaribia kuanguka.

Tarehe 25 Februari 2009 jambo la namna hiyo liliwakuta watu halisi. Ndege ya Turkish Airlines, Boeing 737-800 kutoka Istanbul, ilikuwa inakaribia kutua Schiphol, Amsterdam, kwa ILS na otopailoti. Altimita moja ya redio ilikuwa mbovu, ikasoma kwamba ndege iko futi 8 chini ya ardhi, wakati ilikuwa karibu futi 2,000 juu. Mfumo unaojirekebishia nguvu za injini ukaamini kwamba ndege inagusa ardhi, ukapunguza nguvu hadi mwisho. Otopailoti ikaendelea kuinua pua ili kubaki kwenye mteremko. Mle ndani walikuwemo marubani watatu. Mwendo ukashuka chini ya kiwango walichokiweka, na hawakuligundua hilo mapema. Onyo lilipokuja walikuwa futi 460 hivi, na mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Watu 9 walifariki, wakiwemo marubani wote watatu.

Mtu wa kambi ya mkono atasema: unaona? Zima mashine. Hapana. Kuna siku za ukungu ambapo jicho halioni kiwanja mpaka ndege iko karibu kabisa na ardhi, na ndege zilizoidhinishwa hutuliwa na otopailoti kwa sababu ndiyo njia salama. Tena kushika usukani kunakula akili. Otopailoti inakuachia akili huru, na thamani yake iko hapo, mradi akili hiyo uitumie kuangalia. Kujifunza kutua kwa mkono ni lazima kwa sababu nyingine: usipojua mwendo na pua vinavyokaa vikiwa sawa, utajuaje kwamba vimeharibika?

Najua wapo watakaosema, "Acha hizo, ni gemu tu." Sawa, kwenye laptopu hafi mtu. Lakini tabia haijui kama ni gemu. Baadhi yetu wanaota kwenda shule za urubani, ambako kila saa ya kuruka inagharimu fedha nyingi. Wengine kesho tutakaa mbele ya mashine za wagonjwa mahututi, mitambo ya umeme, au programu zinazotuandikia majibu. Zote zina mshale wa katikati unaopendeza.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wanaoandaa mashindano ya simuleta hapa chuoni. Acheni kutoa alama kwa mguso laini peke yake. Turuke wawili wawili: mmoja aendeshe, mwenzake ataje kwa sauti mwendo, kimo na kile ambacho otopailoti inafanya wakati huo. Ndege ikifika futi 1,000 juu ya kiwanja na mwendo, mteremko au nguvu za injini havijakaa sawa, waache kutua, wapae, wazunguke waanze upya. Na kwa uamuzi huo wapewe alama kamili, hata kama hadhira ilikuwa inasubiri kuona magurudumu yakigusa.