Thailand ilishinda uwanjani, ikatolewa na karatasi

Tarehe 27 Novemba 2021, mashindano ya kufuzu Kombe la Dunia la kriketi ya wanawake yalikatizwa mjini Harare kabla ya kufika mwisho. Aina mpya ya virusi vya Korona, Omicron, ilikuwa imetangazwa kusini mwa Afrika siku chache nyuma, nchi nyingi zilikuwa zinafunga safari za ndege, na Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, likaamua timu zirudi makwao. Kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Lawama zinaanzia kwa kilichofuata.

Thailand ilikuwa inaongoza kundi lake. Ilikuwa imewashinda wenyeji Zimbabwe, ikaishinda na Bangladesh. Nafasi tatu za kwenda New Zealand mwaka 2022 zilikuwa bado hazijapata wenyewe. ICC ikachukua orodha yake ya viwango vya mechi za siku moja, ikazigawa nafasi hizo kwa Bangladesh, Pakistan na West Indies. Thailand haikuwa chini ya orodha hiyo. Haikuwemo kabisa, kwa sababu ICC yenyewe ilikuwa haijaipa hadhi ya kucheza mechi rasmi za aina hiyo. Mtu ananyimwa cheti, kisha anafukuzwa mlangoni kwa kukosa cheti.

Msomaji aliyezoea mpira wa miguu atauliza kriketi ya Thailand imetoka wapi. Swali la haki. Timu ya wanawake ilianza mechi za kimataifa mwaka 2007, katika nchi ambayo watu wengi hawaujui mchezo huo. Kadhaa kati ya wachezaji walianzia kwenye softiboli, akiwemo kapteni Sornnarin Tippoch. Haikupita miaka mingi, dada hao wakawa hawashikiki: mwaka 2019 walifikisha ushindi wa mechi 17 mfululizo katika mechi fupi za T20, rekodi ya dunia, wakiipita ile ya 16 iliyokuwa ya Australia. Mwaka huohuo wakafuzu Kombe la Dunia la T20.

Huko Australia, mwanzoni mwa 2020, hawakushinda mechi hata moja. West Indies, Uingereza na Afrika Kusini ziliwazidi nguvu. Wapo waliosema basi, wamepelekwa mahali pasipo pao. Wakongomani wanaijua hadithi ya namna hiyo, maana Zaire ya 1974 bado inakumbukwa na wageni kwa mabao 9 ya Yugoslavia, si kwa kazi ya kufika Ujerumani. Lakini mechi ya mwisho ya Thailand, dhidi ya Pakistan mjini Sydney, ilionyesha kitu kingine: Thailand walipiga mbio 150 na kupoteza wachezaji 3 tu, Natthakan Chantham peke yake akipata 56. Kisha mvua ikanyesha, mechi ikafutwa. Wachezaji waliwainamia watazamaji mikono ikiwa imeunganishwa kifuani, kama walivyofanya siku zote, wakaondoka.

Upo utetezi wa ICC, na una uzito. Kanuni ya kutumia viwango iwapo mashindano yatakatika ilikuwepo tangu mwanzo. Na Bangladesh haikuwa timu ya kubebwa: huko New Zealand iliifunga Pakistan. Ni kweli. Ila kanuni kuwepo mapema hakuifanyi iwe ya haki. Kipimo ambacho baadhi ya washindani hawawezi kuhesabiwa ndani yake, hata wakishinda kila siku, hakifai kuwa mwamuzi kati yao. Matokeo ya Harare yalikuwepo, yangeweza kutumika. Na kama yalionekana machache mno, nafasi zingengojea mechi za mchujo.

Tena hasara haikuwa ya Kombe moja. Mashindano ya Harare yalikuwa pia yatoe timu mbili za kuongezwa kwenye ligi ya ICC ya miaka 2022 hadi 2025, ligi inayozipa timu mechi za uhakika dhidi ya vigogo. Viti hivyo vilikwenda kwa Sri Lanka na Ireland, kwa orodha ileile. Timu changa haikui kwa mazoezi peke yake. Inahitaji kukutana na wakubwa mara kwa mara, ipigwe, ijifunze, irudi tena. Hicho ndicho Thailand walichonyang'anywa, na hakuna kombe linaloweza kukifidia.

Mwezi Mei 2022 ICC ilizipa nchi tano hadhi ya mechi za siku moja, Thailand ikiwa mojawapo. Miezi sita kabla ingekuwa na maana nyingine. Oktoba mwaka huo, katika Kombe la Asia huko Sylhet, Thailand iliifunga Pakistan, moja ya timu tatu zilizobebwa na orodha, ikafika nusu fainali. Novemba ikacheza mechi yake ya kwanza rasmi ya siku moja, dhidi ya Uholanzi. Chantham alipata mbio 102, na Thailand ikashinda.