Viongozi Wanaochunguzwa na Safari za Ng'ambo

Muhula huu Chama chetu cha Mdahalo kilijadili hoja iliyowagawa wanafunzi karibu nusu kwa nusu: je, kiongozi aliyekwisha toka madarakani, naye anachunguzwa kwa rushwa, aruhusiwe kusafiri kwenda nchi za ng'ambo? Yalisemwa mengi, mengine ya busara, na mengine ya kutafuta makofi tu. Kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wa gazeti hili ni ndugu zetu waliotutangulia, ambao leo ni makarani, walimu, mawakili na mahakimu, naona yafaa tulipime tena kwa utulivu.

Wasemao kwamba wasiruhusiwe wana neno lenye nguvu. Mtu maskini akishikwa na kuku wa jirani yake hulala rumande siku ile ile, wala hakuna amwulizaye kama alikuwa na safari. Basi yule adhaniwaye kula fedha za dawa na za vitabu vya wilaya nzima, kwa nini apande ndege na kuagwa kwa heshima? Tena mtu huyu ana rafiki ng'ambo, ana akiba ng'ambo, na pengine ana nyumba huko. Akiisha kuvuka mpaka, nani atamrudisha?

Wasemao kwamba waruhusiwe nao wana neno lao. Kuchunguzwa si kuhukumiwa. Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, katika kifungu cha 13, lasema kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yo yote, hata nchi yake mwenyewe, na kurudi kwake. Tena twajua sote kwamba serikali mpya huweza kuwachunguza wakubwa wa serikali ya zamani kwa sababu ya chuki tu, na neno "rushwa" likawa fimbo ya kumpigia mshindani.

Mimi naona pande zote mbili zilikosea mahali pamoja. Zote zilijibu kana kwamba jibu ni moja kwa watu wote. Tukitazama mambo yaliyotukia kweli katika nchi mbalimbali, tutaona kwamba swali kubwa ni hili: nani mwenye mamlaka ya kusema "nenda" au "usiende," kwa ushahidi gani, na kwa muda gani?

Tuanze Zambia, ambayo si mbali na hapa petu. Bwana Frederick Chiluba alikuwa Rais tangu 1991 mpaka mwanzo wa 2002. Julai 2002 Bunge lilimwondolea kinga yake, na mwaka uliofuata akashitakiwa kwa wizi wa mali ya umma pamoja na watu wengine, mmoja wao Bwana Xavier Chungu, aliyekuwa mkuu wa idara ya upelelezi. Chiluba alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mambo ya kesi yakiwa bado hayajakwisha alitibiwa Afrika ya Kusini, na Julai 2006 akarudi kwao. Agosti 2009 hakimu wa Lusaka alimwona hana hatia, naye akafariki nchini mwake Juni 2011. Lakini Chungu, ambaye alikuwa nje kwa dhamana, alitoroka mwaka 2004, na mashitaka yaliyowaunganisha yakavurugika, ikabidi yapangwe upya.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Wote wawili walitajwa katika shauri moja. Mkubwa alikwenda akarudi. Aliyekuwa chini yake alitoroka. Kama wangezuiwa wote, mgonjwa angekosa daktari wake. Kama wangeachiwa wote bila sharti, shauri lingeharibika, kama lilivyoharibika. Amri moja ya jumla haikuwafaa watu hawa wawili.

Jirani ya Zambia ni Malawi. Huko Bwana Bakili Muluzi, aliyekuwa Rais tangu 1994 mpaka 2004, alishitakiwa Februari 2009 kwa habari ya kwacha bilioni 1.7. Kesi iliahirishwa mara nyingi, na maradhi yake yalikuwa sababu mojawapo, hata Mei 2023 mkurugenzi wa mashitaka akaifuta. Ni miaka 14! Mtoto aliyezaliwa kesi ilipoanza alikuwa amekwisha maliza shule ya msingi. Hapa twapata mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza, maradhi yaweza kuwa mlango wa kuchelewesha haki. La pili, kama mtu angefungiwa mipaka kwa muda wote huo, kisha kesi ifutwe, angekuwa ametumikia adhabu ya miaka 14 ambayo hakuna hakimu aliyeitoa.

Sasa twende mbali kidogo, Thailand. Bwana Thaksin Shinawatra, aliyekuwa Waziri Mkuu mpaka jeshi lilipompindua Septemba 2006, alirudi nchini mwaka 2008 kujibu mashitaka. Mwaka ule ule mahakama ilimpa ruhusa kwenda kutazama ufunguzi wa michezo ya Olimpiki huko Beijing. Siku ya kufika mahakamani ikafika, yeye akawa amekwenda London. Oktoba 2008 akahukumiwa kifungo cha miaka 2 bila yeye mwenyewe kuwapo, kwa habari ya kiwanja kilichonunuliwa na mkewe kutoka katika idara ya serikali. Sheria ya huko yasema hukumu ya namna hiyo hufa baada ya miaka 10. Na kweli Oktoba 2018 ikafa, mhukumiwa akiwa ng'ambo. Hakurudi mpaka Agosti 2023, na Septemba 2025 Mahakama Kuu ikaamuru atumikie mwaka mmoja gerezani kwa makosa mengine. Hapa wale wasemao "wazuieni" wana haki ya kutuambia: mwaona?

Naam, tunaona. Kwa hiyo tuitazame nchi iliyozuia. Malaysia ilifanya uchaguzi tarehe 9 Mei 2018, na chama cha Bwana Najib Razak, Waziri Mkuu, kikashindwa. Siku tatu baadaye yeye na mkewe walikatazwa kutoka nchini walipokuwa wakijiandaa kwenda Jakarta. Lakini angalia yaliyofuata. Serikali haikukaa na amri ile miaka na miaka. Mapema mwezi wa Julai alishitakiwa mbele ya mahakama, akapewa dhamana, na mahakama ikazichukua paspoti zake. Julai 2020 akahukumiwa kifungo cha miaka 12, na baada ya rufani zote akaingia gerezani Agosti 2022. Toka zuio mpaka mashitaka haikupita hata miezi miwili. Zuio la namna hii ni kama kumshika mtu mkono mlangoni mpaka mwenye nyumba afike.

Kinyume chake ni Ufilipino. Bibi Gloria Macapagal-Arroyo alikuwa Rais tangu 2001 mpaka 2010. Mwaka 2011, akiwa mgonjwa wa mifupa ya shingo, alitaka kwenda kutibiwa nje. Waziri wa Sheria, Bibi Leila de Lima, alimkatalia kwa waraka wa wizara yake. Tarehe 15 Novemba Mahakama Kuu ikasimamisha katazo lile. Usiku ule ule Arroyo akafika uwanja wa ndege wa Manila, na maafisa wakamrudisha, juu ya kuwa mahakama ilikwisha sema. Siku tatu baadaye alishitakiwa kwa udanganyifu wa uchaguzi, akakamatwa hospitalini. Mwaka 2012 yakaongezwa mashitaka ya kula fedha za bahati nasibu ya serikali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikayatupa. Na Aprili 2018 mahakama ile ile ikasema kwamba waraka uliotumika kumzuia ulipingana na katiba, kwa kuwa waziri hakuwa na sheria ya kumpa uwezo huo.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Serikali ilibadilika, na Bibi de Lima akawa mpinzani wa serikali mpya. Februari 2017 akakamatwa kwa mashitaka ya madawa ya kulevya, ambayo aliyakana siku zote, akakaa mahabusi karibu miaka 7 mpaka alipopewa dhamana Novemba 2023. Kesi ya mwisho ilifutwa mwaka 2024. Simcheki mama huyu. Nasema tu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mamlaka anayojipa waziri leo dhidi ya adui yake, kesho yatakuwa mikononi mwa adui huyo.

Basi, baada ya kuyapima haya, rai yangu ni hii. Kwanza, kiongozi wa zamani azuiliwe kwa amri ya hakimu tu, si kwa barua ya waziri wala kwa simu ya mkubwa. Wachunguzi na walete ushahidi wao, hata kama ni wa mwanzo, na mtuhumiwa asikilizwe. Najua mtajibu kwamba ni mahakama iliyomruhusu Thaksin, naye akatoroka. Ni kweli, hata hakimu hukosea. Lakini amri ya hakimu huandikwa, huwa na sababu zake, na yaweza kukatiwa rufani. Amri ya simu haina karatasi. Ikikosea hakuna wa kuulizwa.

Pili, amri iwe na mwisho. Kama miezi michache imepita na hakuna mashitaka, mtu arudishiwe paspoti yake. Hili litawafanya wachunguzi wafanye kazi badala ya kulala juu ya jalada.

Tatu, anayesema ni mgonjwa apimwe na madaktari waliochaguliwa na mahakama. Wakisema tiba yake haipatikani nchini, aende, lakini kwa tarehe ya kurudi, na kwa dhamana nzito ya mali itakayopotea asiporudi. Nami naongeza neno ambalo halikusemwa katika mdahalo. Kwa nini viongozi wetu wa Afrika wakiugua huenda ng'ambo? Mtu ametawala miaka kumi, ameweka mawe ya msingi ya hospitali ngapi, kisha yeye mwenyewe hakubali kulala hata katika moja. Mkulima aliyemchagua hana daktari wa Johannesburg wala wa London. Kiongozi aliyejenga hospitali njema asingehitaji kuomba ruhusa hii, na asiyeijenga asishangae wananchi wakimwonea mashaka.

Nne, na hili naliona kubwa kuliko yote, fedha izuiwe kwanza kabla ya mtu. Mwili wahitaji paspoti na kiti cha ndege, fedha haihitaji. Mei 2007 jaji wa London, katika shauri la madai, aliamua kwamba Chiluba na wenzake walipe kiasi cha dola milioni 46 zilizochukuliwa katika hazina ya Zambia, nyingine zikiwa zimepitia benki za Uingereza. Chiluba alikana, akaikataa mamlaka ya mahakama ile, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Zambia ilikataa kuisajili hukumu hiyo nchini. Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba wakati watu walipokuwa wakibishana Lusaka juu ya safari za mtu mmoja, fedha iliyogombaniwa ilikuwa imekwisha safiri zamani. Ukimshika mtu na kuiacha fedha, umeshika ala, kisu kimekwenda.

Wako watakaosema kwamba masharti haya ni ya polepole mno kwa watu walioibiwa. Naielewa hasira yao. Hata mimi najua maana ya zahanati isiyo na dawa. Lakini hasira ikiandika sheria, sheria hiyo haitamngoja mwizi peke yake. Itamkamata pia mwalimu aliyeandika barua gazetini, na mfanyabiashara aliyekichangia chama kilichoshindwa. Wao hawatakuwa na mawakili wa kwenda Mahakama Kuu usiku.

Neno la mwisho nalielekeza kwetu sisi wenyewe. Miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu yuko atakayekuwa afisa wa uhamiaji, na pengine yuko aliyekwisha kuwa. Siku moja simu italia mezani pake, na sauti ya mkubwa itamwambia, "Huyu asipite," au itamwambia, "Huyu mwache apite, usiulize." Maneno yote mawili ni hatari sawasawa. Ndugu yangu, siku hiyo jibu kwa adabu, lakini jibu hivi: "Naomba karatasi ya hakimu, mzee."

Mwanafunzi wa Kidato cha VI